Posa ya Nanasi Lisiloiva

Nilipeleka posa nikiwa sina meno manne ya mbele. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimelificha. Asiye na meno ya mbele hawezi kusema maneno ya mapenzi, yote yanatoka na upepo, kwa hiyo nilitafuta kitu cha kunisemea. Wengine hupeleka kanga yenye maandishi. Mimi nikapeleka ua, na wakati huo sikujua kama ni ua.

Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, Mungu amrehemu, na alikuwa mkali. Sisemi kwa ubaya. Hata pale makaburini, dua ilipokwisha, niligeuka nyuma kuangalia kama yupo ananisema kwa kuvaa viatu vyenye tope. Baada ya arobaini binti yangu mkubwa akanichukua kwake Sofu, kule Kibaha. Yeye ni karani, anatoka alfajiri kwenda Dar na kurudi jua limeshazama. Kwake nilipewa chumba, godoro nene, na kiti changu mbele ya televisheni. Nilipewa na ratiba pia. Asubuhi uji, baada ya uji kidonge cha presha, mchana wali usio na chumvi, jioni kidonge kingine. Wajukuu wakipita wananipa shikamoo, naitika marahaba, wanaendelea na simu zao. Kila mtu mle ndani ananiheshimu. Na heshima, asikudanganye mtu, ikizidi ni kama kulazwa hospitali bila kuumwa. Ukisema jua linachomoza magharibi, wanasema ndiyo babu.

Nilikuwa nataka mtu wa kuniambia hapana. Hilo tu.

Nikampata msibani. Binamu yangu alikufa Kisarawe, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi na gongo nyingi zaidi, na siku ya kuanua tanga wanawake wakawa wanapika pilau nyuma ya nyumba, sisi wanaume tumekaa tunajifanya tunahuzunika huku pua zote zimeelekea kwenye masufuria. Akaja mwanamke na kapu la mananasi kutoka shambani kwake. Mama wa makamo, mwili umekaza kwa kazi, kichwa kimefungwa kilemba cha kanga. Nikasema nimsaidie kumenya. Nikachukua kisu, nikaanza.

Akanitazama kidogo, akasema, "Baba, hilo ni nanasi. Mbona unalichuna kama mbuzi?"

"Nimechuna mbuzi wengi kuliko mananasi."

"Inaonekana. Hapo ulipo umeshafika kwenye utumbo."

Akaninyang'anya kisu. Akalimenya kwa kuzungusha, macho yote ya nanasi yakatoka kwa mstari mmoja kama uzi, akanipa kipande mkononi, akaondoka. Nilikula kile kipande upande wa magego nikawaza kwamba kwa miaka sita hakuna mtu aliyeninyang'anya kitu.

Nikaulizia. Watu wa msiba wanajua kila kitu, hasa wasichoulizwa. Nikaambiwa ni mjane, miaka mitatu sasa. Mume alimwachia shamba la mananasi na nyumba ya bati, watoto wawili wameshatawanyika, mmoja Tanga, mmoja Mwanza. Analima mwenyewe.

Basi nikamwendea mtani wangu. Huyu ni Mnyamwezi, alikuwa dereva wa malori, sasa anakaa mtaa wa Kwa Mathias nyuma ya maduka, akicheza bao na kutusema vibaya sisi Wazaramo. Ndiye aliyeingia kwenye kaburi la baba yangu siku ya maziko, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na jeneza linasubiri. Tukampa kuku. Akasema mdogo. Mtu wa namna hiyo ukimtuma posa hawezi kushindwa kusema.

"Umri huu unatafuta mke au nesi?" akaniuliza.

"Mke."

"Maana nesi hatolewi mahari."

"Utakwenda au huendi?"

"Nitakwenda. Nataka nikamwone huyo mwanamke kabla hajaharibikiwa. Lakini hatuendi mikono mitupu. Nyie mkipata fedha mnakodi ngoma, siku ya posa mnakumbuka hamna hata leso."

Barua niliandika mwenyewe kwa mkono wangu wa darasa la nne, maneno machache, makubwa, kama ya dukani. Ikabaki zawadi.

Pale Kwa Mathias, pembeni ya barabara kuu, kuna mama anayeuza maua. Ameyapanga kwenye mifuko myeusi na vyungu, vumbi la mabasi linayapakaa, na kila asubuhi anayamwagia. Nimepita hapo miaka na miaka sikuwahi kusimama. Mimi nilikuwa kibarua Ruvu, kwenye mitambo ya maji, kazi yangu kuzoa tope la mto, na mtu aliyezoa tope ujana wake wote anaona kupanda kitu kisicholiwa ni kumchokoza Mungu. Siku hiyo nikasimama, kwa sababu niliona nanasi.

Yaani nanasi kabisa. Majani yametoka kwa mduara, yana miiba pembeni, yamejikunja katikati yakafanya kikombe. Ila hili lilikuwa limevaa. Majani yake ya kijani yalikuwa na michirizi myeupe kama limepakwa unga, na katikati ya kikombe kimetoka kichwa cha waridi, waridi ya kanga mpya, na ndani ya ile waridi vimejificha vidoti vya zambarau. Nikasema moyoni, huyu mwanamke amelima mananasi maisha yake yote, hajawahi kuona nanasi limetoka harusini.

"Shikamoo babu," yule mama akasema.

"Marahaba. Hili linatoka wapi?"

"Hilo ni bromelia. Kwao Amerika, kwenye misitu ya joto."

"Amerika nako wana mananasi?"

"Ni ndugu yake nanasi, babu."

Hapo ndipo nilipoangukia. Kwetu ndugu wa baba ni baba, dada wa mama ni mama, na mtoto wa ndugu yako ukisema si mwanao watu watakutazama mara mbili. Kwa hiyo ndugu wa nanasi ni nini? Ni nanasi. Sikuuliza zaidi.

Yule mama akanipa maelekezo, nami nikaitikia yote kama ninavyomwitikia daktari. Maji usimwage chini kwenye udongo, mwaga humu kikombeni, linakunywa kwa juu. Maji ya kisima yenye chumvi hayalifai, yalipe ya mvua. Samadi usiweke. Jua kali la mchana linalichoma, liweke penye mwanga lakini kivulini. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikalibeba nyumbani, nikaliweka chumbani chini ya dirisha, nikafunga mlango.

Kesho yake, kabla mtani hajaja kulichukua, nikaona lina vumbi. Ile michirizi myeupe. Sipeleki kitu kichafu kwa watu, nikachukua kitambaa na maji ya sabuni, nikaanza kulifuta. Likafutika. Nilipomaliza majani mawili ndipo nilipoona kwamba ule unga ndio urembo wenyewe, na kwamba upande mmoja sasa limebaki kijani tupu kama mchicha. Nikalizungusha, upande mzuri ukawa mbele.

Mtani akapanda bodaboda na lile ua kifuani, wakashika njia ya vumbi ya Kiluvya. Aliporudi aliniambia kila walipopita kwenye shimo miiba ilimchoma dereva shingoni, na dereva akawa anaongeza mwendo kama punda. Walifika upesi sana.

"Habari?" nikamuuliza.

"Nipe maji kwanza."

Nikampa maji.

"Tumepokewa na kaka yake mkubwa. Barua imesomwa. Kaka akauliza huyu mwandishi ni wa shule gani, nikamwambia hakumaliza, akasema ameona."

"Na yeye mwenyewe?"

"Alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka, akalitazama nanasi lako kwa muda. Akalizungusha, akaona pale ulipolifuta. Akacheka kidogo. Kisha akasema, mwambieni nimelipokea. Likiiva, nitajibu."

"Likiiva?"

"Ndivyo alivyosema. Likiiva."

Mkulima wa mananasi kusema hivyo si jambo la ajabu. Mimi na mtani tukakaa tukapiga hesabu za kilimo. Nanasi likishatoa ua, mpaka kuiva, ni miezi mitano au sita. Nikasema nitasubiri, nimeshasubiri mambo ya kijinga zaidi. Nikaenda kutengeneza meno. Sasa meno ya bandia nayo ni habari nyingine, ya juu yalikuwa yanashuka nikisema "sawa", hata imamu wetu akaniomba nisiitikie "amina" kwa nguvu. Lakini hayo tuyaache.

Mwezi wa pili binti yangu akajua. Dereva wa bodaboda ni mtu wa Sofu, na shingo yake ilikuwa na alama za kueleza. Binti alirudi kutoka kazini, hakuvua hata viatu.

"Baba, kuna mtu ananiambia umeposa."

"Nimeposa."

"Bila kuniambia."

"Wewe ulipotaka kuolewa uliniambia? Niliingia sebuleni nikakuta kijana amekaa amekunja mikono."

Akakaa. "Hapa unakosa nini?"

"Sikosi kitu. Ila sina mtu wa kugombana naye."

Akasema taratibu, "Ungeniambia, baba. Ningegombana na wewe."

Nilijisikia vibaya, sikatai. Tukakubaliana hivi, na ndivyo mambo yalivyobaki kuning'inia: mwanamke akikubali, yeye hatanizuia. Akikataa, yameisha, sitarudi tena kuposa Kisarawe wala kwingine kokote, nitakaa kwenye kiti changu na kumeza vidonge mpaka siku yangu. Binti alisema hataki kuniona nazunguka mkoa mzima na maua kama muuza genge. Nikakubali. Sasa nikawa na jibu moja tu maishani, na jibu lenyewe liko ndani ya nanasi.

Mwezi wa tatu mtani akaenda kuchungulia, akajifanya anapita. "Waridi," akasema. Mwezi wa nne: "Waridi vilevile." Wa tano: "Bado waridi, ila vile vidoti vya zambarau vimekwisha." Nikasema hapo sasa, tunda linajaza. Wa sita akarudi amekunja uso.

"Halijanenepa hata kidogo. Na ncha zimeanza kukauka."

Nikavaa meno, nikaenda kwa mama wa maua.

"Mama, uliniuzia nanasi lisiloiva."

"Lipi, babu?"

"La Amerika."

Akaweka chini kopo la kumwagilia. "Babu, lile ni ua. La kutazama. Haliivi."

"Ulisema ni ndugu wa nanasi."

"Ndugu, ndiyo. Si lenyewe."

"Sasa mwisho wake ni nini?"

"Linakaa na rangi miezi mingi, ndiyo uzuri wake. Halafu kichwa kinakauka. Likishatoa ua halitoi tena, mama anakufa, anaacha vichipukizi pembeni."

"Linakufa?"

"Taratibu, babu. Halina haraka."

"Hata mimi," nikasema, nikaondoka.

Sasa nitazame nilivyokaa. Mwanamke wa watu amesema atajibu likiiva. Haliivi. Nikienda kumwambia kweli, nitakuwa nimemwambia mkulima wa mananasi kwamba sijui nanasi, na tayari aliniona nikilichuna kama mbuzi. Nikikaa kimya, siku moja ataamka akute posa yangu imekauka barazani kwake, na watu wetu hawahitaji mganga wa kuwaambia maana yake. Nikampelekea mtani hilo jambo. Alikuwa kwenye bao, akamaliza kete zake kwanza.

"Dogo hili," akasema. "Anataka liive. Tuliivishe."

"Kwa kulivundika kama ndizi?"

"Kwa kulinunua."

Naona haya kuandika kilichofuata, lakini nilikifanya, na nilikuwa na akili zangu zote. Tukanunua nanasi pale Kwa Mathias, kubwa, la njano, linanukia mpaka nyuki wanatufuata. Tukanunua na kijiti cha mshikaki. Tukapanda bodaboda mbili, nanasi likiwa kwenye mfuko wa rambo mapajani mwangu.

Tulifika adhuhuri imepita. Tukapiga hodi, akaitika kuku. Mwenyewe alikuwa shambani, jembe lake tunalisikia nyuma ya mikorosho. Barazani, juu ya kigoda, kivulini, lilikuwa pale. Amelitunza. Kikombe kilijaa maji safi, na pembeni aliweka sufuria ya kukinga mvua kwenye mchirizi wa bati. Majani niliyoyafuta alikuwa ameyaelekeza ukutani. Kichwa cha waridi kilikuwa kimefifia, kimekuwa rangi ya kanga iliyofuliwa sana. Chini kabisa, kati ya majani, kulikuwa na vichipukizi viwili kama vidole.

"Fanya haraka," mtani akasema.

"Fanya wewe, mshenga ndiye mwenye kazi."

Akachukua panga la mwenye nyumba lililoegemea ukuta, akakata kile kichwa cha waridi. Hakuna pa kukitupa, uwanja wa watu umefagiwa. Akakisokomeza kwenye mfuko wa koti lake. Tukachomeka kijiti, tukachomeka nanasi juu ya kijiti. Ua lenyewe halina mizizi ya maana, na nanasi lilikuwa zito kuliko ua, chungu, na udongo wake pamoja. Likaanza kuinama. Tukaliegemeza na tofali. Likawa limesimama kama mlevi aliyeshikwa na polisi.

Tukakaa kwenye mkeka. Jembe likanyamaza.

Akaja, amefunga kanga kiunoni, udongo mpaka magotini.

"Karibuni. Mmepiga hodi?"

"Tumepiga, bibie," mtani akasema. "Kuku kaitika."

"Vizuri. Huyo ndiye mkubwa wa nyumba." Akanawa mikono, akanisalimia, nikaitika kwa uangalifu ili meno yasishuke. Ndipo akageukia kigoda. Akatazama. Sijawahi kuona mtu akitazama nanasi muda mrefu kiasi kile. Akaingia ndani, nikasikia vyombo, akatoka na sinia, kisu na kibakuli cha chumvi na pilipili.

"Limeiva," akasema.

"Limeiva," mtani akasema.

"Basi tulile."

Akaling'oa, kijiti kikabaki kimesimama peke yake. Akalinusa chini, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye macho yake.

"Hili limetoka mashamba ya Kiwangwa. Langu halina macho mapana hivi, udongo wangu wa kichanga. Limekatwa siku nne zilizopita." Akaanza kulimenya. "Na wewe, mshenga, mbona umekaa upande?"

"Mgongo, bibie. Malori."

"Mgongo unatoa damu mfukoni?"

Mtani akatazama koti lake. Ile miiba ilikuwa imeshampenya kitambo, alikuwa anavumilia tu. Akaingiza mkono, akatoa kile kichwa cha waridi kimepondeka, akakiweka kwenye sinia kando ya chumvi. Hakuna aliyecheka. Mimi nikawaza kiti changu cha Sofu, kile cha mbele ya televisheni, nikakiona wazi kabisa na kitambaa chake.

Nikasema, "Mama, mimi nilidhani ni nanasi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mshenga wako alipoingia nalo hapa amelikumbatia kama mtoto mchanga. Mtu anayejua ni ua angesema nimekuletea ua."

"Na wewe ulijua haliivi?"

"Baba, nimezaliwa kwenye mananasi. Nanasi likitoa ua, shina chini linajaza. Hili lilikuwa jembamba kama fimbo. Siku ileile nikajua."

"Sasa kwa nini ulisema likiiva?"

Akatugawia vipande kwanza, kila mtu chake. Mtani akala. Sijui moyo wa yule mtu umeumbwa na nini.

"Nilitaka muda," akasema. "Wanaume mkiambiwa subirini, mnauliza mpaka lini, kila Ijumaa mshenga mlangoni. Nikasema likiiva, mkakaa miezi sita kimya. Sijawahi kupata utulivu kama huo."

"Muda wa nini?"

Akaweka kisu chini. "Wa kulifikiria hili shamba. Mume wangu ana ndugu wawili. Tangu tumzike, kila msimu wanakuja kunijulia hali, na kila wakija wanaulizia nitarudi kwetu lini. Wanauliza kwa upole kabisa. Siku nikifunga mizigo kukufuata Kibaha, jioni yake wataanza kupima kwa kamba. Haya mananasi nimeyapanda mimi, chipukizi kwa chipukizi, marehemu alikuwa mtu wa Dar, anakuja mwisho wa mwezi kula. Sikutaka kukukatalia. Lakini sitoki hapa."

Kuku wakaja kuokota maganda.

"Kwa hiyo unakataa," nikasema.

"Nimesema sitoki hapa. Husikii? Ukitaka mke, njoo wewe."

Mtani akasimamisha kipande cha nanasi mdomoni. Nilijua anachotaka kusema, na alikisema. "Yaani Mzaramo huyu ndiye anaolewa?"

"Wewe ulikuja na posa," yule mama akamwambia, "sasa utarudi na majibu. Na utibiwe huo ubavu, miiba ile ina uchafu."

Watu wananiuliza kama nilifikiria. Sikufikiria. Nilisema ndiyo wakati bado anamsema mtani, na kwa haraka ile meno ya juu yakashuka yakanifunga mdomo, ikabidi niyatoe, nikasema ndiyo mara ya pili nikiwa kibogoyo. Akanitazama.

"Hayo meno usiyavae tena hapa," akasema. "Yanakuharibia sura."

Kurudi Sofu nikamwambia binti. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, pamoja na tofali na kijiti. Nilidhani atasema wanaume hawahami kufuata mke, kwa kuwa majirani wangelisema hilo kabla ya magharibi. Yeye aliuliza kitu kimoja.

"Anakugombeza?"

"Sana."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchele. Alichambua kwa muda mrefu, na mchele ulikuwa umeshakuwa mweupe.

Nikaha ilifungwa kwa kaka yake, watu wachache, mashehe wawili na mtani mwenye bandeji. Kwa mila zetu watani ndio wanaozuia mlango mpaka wapewe kitu, lakini safari hii alishindwa azuie mlango upi, maana bwana harusi ndiye anayeingia ugenini. Akasimama katikati ya uwanja anajiuliza. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona amekosa la kusema.

Lililobaki lilikuwa godoro. Mke wangu mpya alitoa agizo moja. Begi langu lije litakapokuja, lakini godoro liingie mchana, kwa mlango wa mbele, siku shemeji zake wakiwa pale. Alisema watu wanaweza kubisha cheti cha ndoa, wanaweza kubisha hata shehe, lakini hakuna anayebisha godoro.

Alipanga siku akawaita waje kuchukua mbegu za mananasi. Binti yangu akaomba ruhusa kazini, akakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukalipakia lile godoro nene kutoka Sofu, tukafunga kamba. Tulipofika wale ndugu wawili walikuwa wamekaa barazani, wamevaa vizuri, chini ya vifuu vya nazi alivyovining'iniza mke wangu na vile vichipukizi viwili vya lile ua ndani yake, kila kimoja na maji yake kikombeni. Wakanisalimia kwa adabu.

"Mzee umekuja kumchukua?" mkubwa wao akauliza.

"Nimekuja kulala," nikasema.

Tukalishusha, mimi mbele, binti yangu nyuma. Godoro likiwa kichwani huoni kitu ila miguu yako. Nikaona miguu ya wale ndugu ikivutwa kunipisha, viatu vimepakwa rangi, jozi ya kwanza, kisha, baada ya muda kidogo, jozi ya pili. Nikagonga bega kwenye fremu ya mlango. Ndani mke wangu akasema, "Kushoto. Nimesema kushoto, baba wee, huko ni jikoni." Nikageuka kushoto, binti yangu akasukuma kwa nyuma, tukaingia.